Pigano la chini ya maji mezani: vibanio vya nguo vimenisaidia kuliko vioo

Mara ya kwanza kuendesha pigano la chini ya maji kwenye Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi, kila mchezaji na mhusika wake, dadu zikiamua, nami nikiwa msimulizi) nilitumia mshipi wa kuvulia na vioo viwili vya dirisha vilivyobaki fundi alipomaliza nyumba ya dada yangu, hapa Mwanga, Kigoma. Kioo cha chini kilikuwa sakafu ya ziwa, cha juu uso wa maji, na kete za wachezaji zikaning'inia katikati. Kilipendeza kwa dakika kumi hivi. Kisha mmoja akasogeza kete yake, mshipi ukanasa kiwiko cha mwenzake, na mamba wangu wa mizimu akadondokea kwenye sahani ya migebuka. Tulicheka sana, ila pigano halikurudi tena.

Tunacheza D&D toleo la 5. Vitabu ni vya Kiingereza, mezani tunazungumza Kiswahili. Na kwa kuwa wote tumekulia kando ya Ziwa Tanganyika, kila hadithi yetu huishia majini, kwa hiyo ilibidi nitafute njia.

Aliyenifungua macho ni baba mdogo wangu, anayevua dagaa Kibirizi. Nilimuuliza usiku wa giza anajuaje wavu umefika wapi. "Nahesabu pima kamba ikipita mikononi," akasema. "Lakini sijali kila pima, mwanangu. Najua dagaa walipo na najua nisipofika." Nami nilikuwa nahangaika kuonyesha kila futi!

Basi nikagawa maji kwa tabaka. Uso, ambako unahema lakini mishale ya mtumbwini inakufikia. Maji ya mwanga, mpaka kama pima 10, maana ziwa letu ni angavu na siku nzuri unaona hadi mita 20. Maji ya kiza, ambako bila taa unapigana na vivuli. Halafu sakafu, yenye tope linalotibuka ukilikanyaga. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu futi 6. Mraba wa D&D ni futi 5. Kwangu mraba mmoja wa ramani ni pima moja, na hiyo futi inayopotea hajawahi kuidai mtu.

Kuonyesha kina sasa ni kazi ya kadibodi moja. Ramani ya kutoka juu inalala mezani kama kawaida. Pembeni nasimamisha kadibodi niliyoichora ziwa kwa ubavu, tabaka kwa tabaka, na kila mhusika ana kibanio cha nguo chenye jina lake kwenye ukingo. Ukizama, unashusha kibanio. Jicho moja kwenye kadibodi, unajua nani yuko juu ya nani. Kabla ya hapo nilipanga vizibo vya soda chini ya kete. Vikifika vitano vinaanguka, na ugomvi wa "nilikuwa pima 6, si 4" hauishi.

Umbali wa mshazari usiutafutie kikokotoo. Chukua namba kubwa, ongeza nusu ya ndogo, na ikibaki nusu itupe. Adui yuko miraba 3 mbele na 4 chini: 4 na 1 na nusu, sema 5, na ndiyo hesabu kamili ya Pythagoras. Ikiwa 6 kwa 6 utapata 9 badala ya 8 na nusu. Samaki hatalalamika.

Sasa jambo lililonichukua muda kuliko yote. Nchi kavu mtu anazungukwa na miraba 8. Majini ni 26. Shujaa wenu mwenye ngao, aliyezoea kuziba njia ili mchawi nyuma yake afanye kazi, hazibi chochote, adui anapita juu ya kichwa chake. Wachezaji wangu walipoteza wahusika wawili kabla ya kulielewa hilo, na kosa lilikuwa langu: niliwaweka katikati ya maji matupu. Wape kitu cha kuegemea mgongo. Mwamba, pango, au meli iliyozama.

Meli sisi tunayo. Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen ziwani humu tarehe 26 Julai 1916, baada ya kupaka mitambo grisi ili siku moja ifufuliwe. Waingereza waliiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hadithi yangu iko katikati ya miaka hiyo, meli ikiwa bado chini. Nimeilaza ubavu (hilo nimelibuni mimi), hivyo milango imekuwa mashimo ya sakafuni na korido imekuwa kisima. Ndani ngao inarudi kuwa na maana, nje mnazungukwa. Wachezaji wanachagua wenyewe lini watoke.

Sheria za kitabu kuhusu silaha ziache kama zilivyo, ni nzuri. Asiye na mwendo wa kuogelea, yaani asiyeumbwa kwa maji, akipiga kwa shoka au upanga mrefu anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua ndogo. Kisu, mkuki na upanga mfupi vimesalimika. Moto unapungua makali.

Pumzi ndiyo nimeibadilisha. Kitabu kinakupa dakika moja, ukiongeza au kupunguza kulingana na siha yako. Lakini dakika ni raundi 10, yaani kila mmoja anapata zamu 10, na pigano letu huisha raundi ya 5. Hakuna aliyewahi kuogopa! Kwangu kila pigo linalokuumiza linakutoa raundi mbili za pumzi. Siku hiyo hiyo nikaona watu wanatazama uso wa maji kwenye kadibodi kama wanaotazama saa ya mtihani.

Na tumia masikio. Sauti majini inakimbia zaidi ya mara nne ya hewani, kwa hiyo masikio hayatofautishi vizuri inakotoka. Nikisema "mnasikia chuma kikigongwa", sisemi upande gani, na akiuliza mtu namwambia arushe dadu. Rangi nayo: nyekundu ndiyo inayotangulia kupotea. Ukielezea damu ya kina kirefu, isiwe nyekundu, iwe moshi mweusi.

Kuna tabaka la tano ambalo silichori. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni inakwisha kati ya mita 100 na 200 hivi. Chini ya hapo samaki haishi. Kwa hiyo kadibodi yangu nimeiacha iishe kwa mstari mweusi, na kuna kibanio kimoja kisicho na jina kimebanwa chini yake. Sijawahi kukigusa. Wiki iliyopita mmoja wa wachezaji alikataa kushuka chini ya pima 30, akasema hamwamini mwenye kibanio hicho.

Nunueni vya mbao. Vya plastiki vinateleza.