Usifunge tairi hizo za 215 kwenye Mercedes S 500, soma namba ya mzigo kwanza

Mkuu, simama hapohapo. Usitume hela.

Umesema Mercedes S 500 ya 1996 uliyoachiwa na mzee tairi zake zimeisha kashata (ule mpira wa juu unaogusa lami), rimu ni zilezile za kiwandani za inchi 16, na kuna jamaa hapo Iringa anakupa tairi nne mpya za 215/60 R16 kwa bei ya chee, ufunge Jumamosi uende nazo Dar kwenye harusi. Ukauliza tena kama uweke rimu za inchi 18 na nani anafanya alaimenti nzuri hapo mjini. Nimesoma uzi wako nikiwa dukani kwangu Mwanjelwa na nimeshindwa kuendelea na kazi. Saizi hiyohiyo, kwenye gari hilohilo, ndiyo iliyotaka kunimalizia familia.

Yangu ilikuwa S 500 ya 1995. Tairi nilizoikuta nazo zilikuwa 235/60 R16, na baada ya saizi ubavuni pameandikwa 100W. Sikuwahi kujiuliza ile 100 ni ya nini. Zilipoisha nikaenda kwa muuza tairi mmoja hapa Mbeya. Hakuwa na 235. Akanitolea 215 akaniambia, "Bosi, rimu 16, tairi 16, tofauti ni upana tu. Crown na Mark X zote za mji huu zinavaa hizi, umeona iliyopasuka?" Moja 170,000. Za 235 zingetoka Dar baada ya siku nne, 290,000 moja. Nikalipa za 170,000, nikaokoa 480,000, nikatoka pale nafurahi.

Sasa nisikilize vizuri. Tairi ya kawaida ya 215/60 R16 baada ya saizi imeandikwa 95. Hiyo ni namba ya mzigo. 95 maana yake tairi moja inabeba kilo 690, tena ikiwa na upepo wake kamili. 100 maana yake kilo 800. Umepoteza kilo 110 kwa kila tairi. Crown ni gari la tani moja na nusu na kitu, inazimudu. S 500 inakaribia tani 2 kabla hujapandisha mtu: injini ya V8 ya lita 5, vioo vya milango vya tabaka mbili, tanki la lita 100. Weka watu watano na mizigo, unakaribia tani mbili na nusu. Utagawa kwa nne, utapata kama kilo 625, utasema 690 inatosha. Hata mimi nilipobishana na fundi nilipiga hesabu hiyohiyo. Lakini gari halibebi hivyo. Buti likijaa na watu watatu wakikaa nyuma, tairi za nyuma ndizo zinazoumia, na ukiingia kwenye kona, tairi ya nje inabeba na mzigo wa mwenzake. Halafu ile 60 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana, ndiyo maana 215 ni fupi kuliko 235 kwa milimita 24 kutoka juu hadi chini, kwa hiyo kwa kila kilomita inazunguka mara nyingi zaidi, na kila mzunguko ubavu unajikunja na kujikunjua. Hapo ndipo moto unapotoka.

Tulitoka Mbeya alfajiri ya Juni, baridi ile unayoijua. Mama, dada zangu wawili, mjomba, na mimi kwenye usukani. Buti lilikuwa na gunia la mchele wa Mbarali na mikungu mitatu ya ndizi za Tukuyu. (Mtakaosema kosa ni mchele, mchele wa Mbarali haujawahi kupasua tairi iliyo sahihi.) Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, gari linateleza tu. Na hilo ndilo baya la gari lile: limezibwa kelele kiasi kwamba tairi inaweza kuwa inakufa chini yako na wewe unasikia saa ya dashibodi tu.

Ilula tukasimama kununua nyanya. Nikapitisha kiganja kwenye tairi. Za mbele vuguvugu. Ya nyuma kushoto niliondoa mkono kama nimegusa sufuria. Kijana wa upepo akaja na geji yake, akasema, "Imechemka hiyo, tuipunguze upepo ipoe." Nikamruhusu. Akatoa kutoka 38 hadi 28, nyuma zote mbili, nikampa na hela ya soda.

Mkuu, hilo ndilo kosa lililonigharimu kuliko yote, na lilizaliwa na lile la kwanza. Tairi haichemki kwa sababu upepo umezidi. Inachemka kwa sababu ubavu unajikunja kupita uwezo wake, na upepo unapanda kwa sababu ya joto hilo. Ukitoa upepo, inajikunja zaidi. Ni kuchochea kuni ukitegemea maji yaache kuchemka. Na huu ushauri wanautoa kila kijiwe kutoka Mbalizi hadi Mikumi, wanautoa kwa moyo mweupe, na unaua watu.

Tukashuka mlima Kitonga nyuma ya lori, breki zikifanya kazi muda wote, na joto la breki nalo linaingia kwenye rimu. Tulipofika chini tukaingia kwenye ile joto ya bondeni, mibuyu kushoto na kulia, nikaongeza mwendo. Karibu na Ruaha Mbuyuni mkia wa gari ukaanza kuyumba, laini, kama umepanda mtumbwi. Nikadhani upepo wa lori. Kisha mlio. Kashata yote ilibanduka mzima mzima, ule mkanda wa mpira wenye nyaya ukawa unachapa madigadi, pa pa pa, na rimu ikaanza kusaga lami. Sikukanyaga breki, nilishika usukani kwa mikono miwili nikaliacha gari life mwendo lenyewe. Lori la kuelekea Tunduma lilitupita upande wa pili, dereva ameng'ang'ania honi.

Tuliposimama kwenye vumbi, mama alianza kutuhesabu kwa majina, mmoja mmoja, akinyoosha kidole. Alipomaliza akaanza upya.

Fundi wa Mbuyuni alifungua na ile ya kulia ambayo haikupasuka. Ndani ilikuwa na unga mweusi, laini kama kahawa iliyosagwa, na ubavu umezungukwa na alama kama mkunjo wa suruali. Ilikuwa inasagika kwa ndani, wakati kwa nje bado ina vinyweleo vya upya. Sijui ingefika wapi, Mikumi labda.

Brekidauni, rimu, madigadi, rangi, na tairi nne za 235 ambazo nilipaswa kuzinunua mwanzo. Ukiacha hizo tairi, zilikwenda kama milioni mbili na laki tatu. Nilirudi kwa yule muuzaji. Akaniambia, "Ulizidisha mzigo." Mimi nilimtajia jina la gari! Yeye anauza tairi kila siku, mimi nanunua mara moja kwa miaka kadhaa, halafu aliyetakiwa kuijua namba ile ni mimi? Mpaka leo nikipita mtaa ule moyo unanichemka.

Kwa hiyo usiniulize kama tairi iwe ya Mchina, Mjapani au Mkorea. Nunua yeyote, ila saizi iwe 235/60 R16 na namba inayofuata iwe 100 au zaidi. Wakikuambia kuna 215 iliyoimarishwa, hiyo ni 99, kilo 775, na inataka upepo mwingi zaidi ndio ifike hapo. Kataa. Tarehe nayo ipo ubavuni, tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ikiwa ya zamani mrudishie. Upepo umeandikwa ndani ya kifuniko cha tanki la mafuta, kuna kiwango cha gari tupu na cha gari lililojaa, na unapima asubuhi kabla hujaliwasha.

Za 235 zikichelewa, nenda na basi. Harusi itakusubiri, na gari lipo.

Kabla hujamlipa huyo jamaa, piga picha ubavu wa hizo tairi uiweke hapa, ile sehemu baada ya R16. Niko macho mpaka saa sita usiku.