Kwenda masaa nane, kurudi matatu: hii ndege vipi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mwezi ujao nampeleka mama Mumbai kutibiwa, tunatokea Dodoma. Tiketi ya Dar kwenda Mumbai inasema kuondoka 17:00 kufika 01:30, ya kurudi kuondoka 05:00 kufika 08:30. Nimepiga hesabu naona kwenda masaa nane na nusu, kurudi matatu na nusu. Kurudi inakimbia zaidi ama wamekosea? Alafu Dodoma mpaka Dar nimeona mtandaoni km 390 tu, mbona tiketi inasema saa moja na dakika kumi?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba, na mama Mungu amjalie. Hawajakosea na wala haikimbii. Saa ya kuondoka inaandikwa kwa majira ya mnapotoka, ya kufika kwa majira ya mnapofikia, na India wametutangulia masaa mawili na nusu (ndio, na hiyo nusu ipo). Hapo katikati ni kama km 4,700, weka masaa sita hivi, kwahiyo mkitoka saa kumi na moja jioni mnashuka huku kwetu ikiwa saa tano usiku, wao saa zao tayari saa saba na nusu. Kurudi ni masaa sita yaleyale ila hapo unapunguza yale mawili na nusu.

Sasa kuna sehemu watu wanaachwa na ndege. Hiyo 05:00 sio saa tano! Ni saa kumi na moja alfajiri, na uwanjani mnatakiwa masaa matatu kabla, yaani hotelini mnatoka usiku wa manane na mgonjwa. Na ile 01:30 ni tarehe ya kesho yake, mwambie anayekuja kuwapokea asije akafika siku moja kabla.

Kuhusu Dar, km 390 ni mstari ulionyooka, barabara yenyewe ni kama 450. Ndege aina ya Bombardier Q400 inaweza kwenda zaidi ya km 600 kwa saa, ila safari fupi hivyo ndo imemaliza kupanda juu mara inaanza kushuka, na tiketi inahesabu toka inapoondoka kwenye maegesho mpaka isimame, ikiwemo kuzungukazunguka chini kusubiri zamu.

Wengine watakwambia pandeni treni ya SGR, na kweli ile ya haraka inafika Dar kwa masaa matatu na nusu hivi, ila inawashusha mjini halafu mrudi uwanjani na foleni ya barabara ya Nyerere, kwa mama mgonjwa mi naona ndege ni afadhali. Ila msiunganishe siku hiyohiyo kama tiketi mmekata mbili tofauti, maana ya kwanza ikichelewa ya pili haiwasubiri na hela inaweza kwenda hivyohivyo. Laleni Dar. Na kiti cha magurudumu ombeni sasa hivi, msisubiri kufika kaunta.