Mpiga Picha, Mchezaji na Njia ya Mizunguko

SWALI: Mhariri, mimi ni mpiga picha wa hapa Moshi. Mchezaji ngoma ninayeshirikiana naye anataka nimpige akitembea katika njia ya mizunguko tuliyoichora uwanjani kwa chokaa. Je, hatapotea humo?

JIBU: Hatapotea, ndugu msomaji, kwa kuwa njia hiyo, kama ile ya karne ya 13 iliyo sakafuni mwa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, yenye mizunguko 11, ni moja tu, haina matawi. Mwache yeye aamue mwendo. Wewe panda ngazi asubuhi, kabla wingu halijaufunika mlima, uweke shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga, kwenye sehemu moja ya 15 ya sekunde, ili miguu ififie kama vumbi na uso, anaposita konani, ubaki wazi. Malipo yake (wengi husahau) myajadili mapema.