Mikaeli ni swali, Raheli ni kondoo

Msomaji wa Dodoma anauliza: "Mwanetu tumemwita Mikaeli. Kitabu kimoja cha majina kinasema maana yake ni 'aliye kama Mungu'. Babu yake amekasirika, anasema hiyo ni kufuru. Nani yuko sahihi?"

Babu. Kwa Kiebrania, mi ni "nani", kha ni "kama", El ni "Mungu". Jina zima linauliza: "Ni nani aliye kama Mungu?" Jibu: hakuna. Mtunzi wa kitabu amedondosha "nani" pamoja na alama ya kuulizia, na swali la kumtukuza Mungu likageuka sifa ya mtoto mchanga. Nabii Mika, ambaye jina lake ni kifupi cha Mikaya, "nani aliye kama Yahu" (Yahu ni kifupi cha Yahwe, jina la Mungu), anauliza karibu vilevile katika sura ya 7, aya ya 18.

Lakini vitabu hivyo vina uovu mwingine unaonikera zaidi: kila jina lenye -eli mwishoni hupachikwa Mungu. Danieli, sawa, "Mungu ni mwamuzi wangu". Ishmaeli, sawa, "Mungu husikia". Ila Raheli je? Humo hamna Mungu hata chembe. Raheli ni kondoo jike, basi. Mwanzo 31:38, Yakobo anapomlalamikia Labani kwamba kondoo wake hawakuharibu mimba kwa miaka 20, neno analotumia kwa hao kondoo ndilo jina la mkewe, binti wa huyohuyo Labani. Sasa mfasiri anayetaka kumfanya Raheli kuwa "nini-sijui ya Mungu" atuambie kama Labani alikuwa na zizi la malaika.

Chanzo cha kosa ni tahajia yetu wenyewe. Kiswahili hakipendi neno liishie konsonanti, kwa hiyo Daniel, Rakhel na Hevel zote tumezitia irabu i, zikatoka Danieli, Raheli, Abeli, kana kwamba zimezaliwa tumbo moja. Kwa Kiebrania El huandikwa kwa herufi mbili, alefu na lamedi. Danieli anazo zote mbili. Raheli ana reshi, hethi na lamedi, alefu haipo. Abeli naye hana alefu: jina lake ni mvuke, pumzi, lile neno ambalo Mhubiri 1:2 tunalisoma "ubatili". Kwa hiyo kabla hujafasiri, tazama herufi za Kiebrania. Ukikosa alefu mbele ya lamedi ya mwisho, mwache Mungu apumzike.

Mtoto abaki Mikaeli. Najua mtaani watamwita Maiko, na hapo El itakuwa imekatwa, libaki "nani kama…" bila wa kulinganishwa naye. Hilo nimeshalizoea.