Gari la zamani na bei ya mafuta Kigoma: anzia kwenye themostati

Kigoma ni mwisho wa reli. Lita ya petroli inayofika huku imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, ndiyo maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanapotoa bei kikomo, mkoa wetu huwa kwenye kundi la bei za juu. Mwenye Corolla ya mwaka 1998 au IST ya 2003 inayokula kuliko zamani huambiwa haraka kwamba injini imechoka. Mara nyingi si injini. Ni vitu vidogo vilivyokufa kimyakimya, na kibaya zaidi ni vile ambavyo fundi alivitoa kwa makusudi akidhani anasaidia.

Kabla ya kununua chochote, pima. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, tembea angalau nusu tanki, kisha jaza tena kituo kilekile na pampu ileile ikate. Kama umetembea kilomita 352 na imeingia lita 32, gari lako linakwenda kilomita 11 kwa lita. Rudia mara tatu ndipo uamini. Mshale wa mafuta usiutegemee kabisa. Na kama ulitoa matairi ya 175/65R14 ukafunga 185/70R14 ili gari linyanyuke kwa ajili ya barabara mbovu, kumbuka tairi jipya ni kubwa kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo dashibodi inahesabu kilomita pungufu ya ulizotembea. Watu wengine wanalalamikia ulaji ambao nusu yake ni hesabu tu.

Sasa themostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemka kwenye kilima, dawa inayotolewa gereji nyingi ni kuing'oa na kufunga nyumba yake tupu. Joto linashuka, mteja anafurahi, fundi anasifiwa. Lakini injini hiyo sasa inafanya kazi ikiwa baridi siku zote. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikisoma nyuzi 60 au 65 badala ya 85 hadi 95, inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, na inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama ya asubuhi. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inachanganyika na oili chini, na ringi zinalika. Kwa hiyo unalipa mara mbili: leo kwenye pampu, kesho kwenye injini.

Kujua kama ipo ni rahisi. Asubuhi gari likiwa baridi, liwashe na ushike mpira wa juu wa rejeta. Themostati ikiwepo na nzima, mpira unabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu unapata moto ghafla. Mpira ukianza kupata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, themostati haipo, au imekwama ikiwa wazi. Kipimo hiki cha kushika mpira wa juu ni cha injini ambayo themostati yake imekaa upande wa juu. Kwenye injini kama 1NZ, iliyo kwenye baadhi ya IST, iko upande wa mpira wa chini, na hapo mashine ndogo ya kusoma kompyuta inayounganishwa na simu ndiyo inayokupa jibu la uhakika. Tembea dakika 15 na uone joto limetulia wapi.

Ukinunua mpya, angalia namba iliyogongwa juu yake. Kwa Toyota nyingi ni 82, yaani nyuzi ambazo inaanza kufunguka. Ijaribu kabla ya kufunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na uipashe. Isipofunguka kabla maji hayajatokota, irudishe dukani. Inapofungwa, kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza kikae juu, ili hewa ipite, na mpira wake wa kuzunguka uwe mpya. Halafu jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, acha gari liungurume kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto mpaka mapovu yaishe.

Lakini usirudishe themostati bila kutafuta kilicholichemsha gari mwanzo. Ni rejeta iliyoziba kwa sababu imelishwa maji ya bomba miaka yote, au feni isiyowaka, au pampu ya maji inayovuja, au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Kifuniko kina namba yake ya presha, kwa kawaida 0.9 au 1.1, nunua chenye namba ileile iliyokuwepo. Na kama feni imeunganishwa moja kwa moja izunguke muda wote, irudishwe kwenye swichi yake ya joto. Feni ya moja kwa moja inapoza injini isipotakiwa kupozwa na inaibebesha alteneta mzigo usiokwisha.

Kinachofuata ni oksijeni sensa, ile ya mbele iliyo kabla ya masega, yaani kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi. Hiyo ndiyo inayoionjea kontroli boksi moshi. Ikizeeka inachelewa kujibu, na gari linakula bila taa yoyote kuwaka. Kwenye magari yenye sensa ya kawaida, volti yake injini ikiwa ya moto inatakiwa irukeruke kati ya 0.1 na 0.9 bila kupumzika. Ikikaa mahali pamoja au ikijivuta, imekwisha. Ifunguliwe bomba likiwa la uvuguvugu, vinginevyo nati inaondoka na meno. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hukimbilia kutoa masega wakiamini ndiyo yanayokula mafuta. Masega yaliyoziba kweli yanalifanya gari lishindwe mlima, lakini yameziba kwa sababu injini ilikuwa inaunguza petroli nyingi au oili, au plagi moja haichomi. Ukiyatoa bila kutibu hicho, ulaji unabaki palepale.

Ukiona kodi (namba ya hitilafu) P0172 kwenye ile mashine ya simu, kompyuta inakwambia mafuta ni mengi kuliko hewa. P0171 ni kinyume chake: mara nyingi mpira wa hewa umepasuka, au sensa ya hewa imeshika vumbi. Sensa hiyo inasafishwa kwa dawa yake maalumu tu, inapuliziwa na kuachwa ikauke. Usiiguse kwa kidole wala kitambaa. Ule uzi wake ni mwembamba mno. Corolla zenye injini ya 5A hazina sensa ya aina hiyo, zinapima presha ya hewa kwenye manifodi kupitia kampira kadogo, na kampira hako kakipasuka tu gari linaanza kunywa.

Vumbi letu la kiangazi linastahili heshima yake. Watu wanaamini ea klina chafu ndiyo inayokula mafuta. Kwa gari la kabureta, ndiyo. Kwa gari la nozeli, ambalo petroli yake inapulizwa kwa amri ya kompyuta, kompyuta hupunguza mafuta hewa ikipungua, kwa hiyo unachopoteza zaidi ni nguvu, na dereva anakanyaga zaidi kufidia. Hatari kubwa ni ea klina iliyotoboka au isiyokaa vizuri kwenye boksi lake, maana vumbi linapita moja kwa moja hadi kwenye silinda. Kwa anayekwenda Kasulu na Kibondo mara kwa mara na kupitia njia za vumbi, ikaguliwe kila kilomita 2,500. Ukiipuliza, pulizia kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Karatasi ikishakuwa nyeusi au ina oili, ni ya kutupa.

Plagi zinasema mengi kwa rangi: kahawia hafifu ni salama, masizi makavu ni petroli nyingi, kulowa oili ni ringi au sili za valvu. Za iridiamu zinafika kilomita 100,000. Za kawaida usizivushe 30,000. Jihadhari na bei ya kutupa, kwa sababu iridiamu feki ni nyingi. Oili nayo: injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na iliundwa kwa oili nyepesi ya 5W-30. Kuimwagia 20W-50 kwa sababu ni ya zamani, wakati haili oili, ni kuiongezea uzito wa kuzunguka. Inayokula oili kidogo inaweza kuvumilia 10W-40.

Breki zinazokamata husahaulika mno. Ukishafika nyumbani, gusa kwa uangalifu karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, nyanyua gurudumu kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Kawaida ni pini za kalipa zilizokauka kwa vumbi na tope; zisafishwe, zipakwe grisi ya breki, si grisi ya beringi. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kutembea, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi madogo ni psi 30 hadi 33.

Kwa gari la otomatiki, tazama kama taa ya O/D OFF inawaka. Wengi waliibonyeza siku ya kupanda mlima na hawakuirudisha, na sasa wanatembea tambarare bila gia ya mwisho. Na kwenye mteremko wa kurudi kutoka Manyovu kuja Mwandiga, acha kuweka nutro. Gari la nozeli likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli kabisa mpaka mizunguko ya injini ishuke hadi karibu 1,500 kwa dakika. Kwenye nutro, injini inadai mafuta ya kuunguruma, na mzigo wote wa kilima unabaki kwenye breki.