Kupima usikivu wa mtoto mchanga: kwa mkunga na nesi anayeanza

Ukikabidhiwa mashine ya OAE (ya kupima usikivu) kwenye wodi ya wazazi, elewa kwanza inafanya nini. Inapeleka sauti ndogo sikioni, kisha inasikiliza mwangwi unaorudishwa na seli za koklea, kile kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio. Sauti ikizuiwa njiani, iwe inakwenda au inarudi, skrini itaandika REFER, yaani sikio halijapita, hata kama koklea ni nzima. Ndiyo maana REFER nyingi za siku ya kwanza zinatokana na uchafu, kelele, au ncha ya mpira iliyokaa vibaya.

Muda una uzito wake. Mtoto wa saa chache bado ana ule uto mweupe ndani ya tundu la sikio, na mara nyingi majimaji nyuma ya ngoma. Subiri walau saa 24. Zikifika 48 ni bora zaidi. Lakini aliyejifungua kawaida hutaka kuondoka kesho yake asubuhi, boda imeshafika getini. Huyo mpime mwisho kabisa kabla ya ruhusa, na uandike kwenye rejista umri wa mtoto kwa saa. Aliyezaliwa kwa upasuaji usimkimbilie: majimaji yake huchelewa kukauka, na mama yake bado yupo wodini.

Mtoto anyonye kwanza, acheuliwe, afungwe shuka mikono ikiwa ndani, alale. Usimpime akiwa titini, maana kumeza kwake ni kelele tupu kwa mashine. Zima feni, waombe wageni watoke. Mvua ikianza kupiga mabati, weka mashine chini. Hakuna mpangilio wa kifaa unaoshinda mabati.

Sasa ncha ya mpira, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Mlaze mtoto ubavu, sikio la kupimwa likiwa juu. Papasa taratibu kile kinundu kilicho mbele ya tundu, mara kadhaa, kwa sababu gegedu la mchanga ni laini na tundu huwa limejifunga. Vuta sikio nyuma na chini kidogo. Ukilivuta juu kama la mtu mzima unaziba njia. Chagua ncha inayoonekana kubwa kidogo kuliko tundu, uisukume huku ukiizungusha mpaka ikae yenyewe. Ukijikuta unaishikilia kwa vidole, basi ni ndogo au haijaingia: sauti inavuja nje na kelele za wodi zinaingia. Waya ubane kwenye shuka usiburuzwe na nguo, kwani kila msuguano unasikika ndani. Ngoja sekunde chache mtoto atulie, ndipo ubonyeze.

Ikija REFER, toa kichwa cha kipimo ukitazame kwenye mwanga. Mara nyingi utaona vitundu vyake vimezibwa na uto. Safisha, badilisha ncha, rudia. Majaribio mawili au matatu kwa kikao yanatosha. Anayerudia mara kumi mpaka PASS (sikio limepita) itokee anajidanganya, kwa sababu kila jaribio la ziada linaongeza nafasi ya kupita kwa bahati. Masikio yote mawili yapite siku moja. PASS ya kulia ya leo haiunganishwi na ya kushoto ya wiki mbili baadaye. Na kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, jaribu kichwa cha kipimo kwenye kile kitundu cha majaribio kilichokuja na mashine.

Watoto wa wodi ya mahututi ni habari nyingine. OAE inaishia kwenye koklea. Neva iliyo nyuma yake haiguswi. Aliyelazwa humo zaidi ya siku 5, au aliyekuwa na manjano kali hadi kubadilishwa damu, au homa ya uti wa mgongo, anahitaji AABR, kile kipimo cha elektrodi kinachofika hadi kwenye neva, kwa sauti ya desibeli 35 hivi. PASS ya OAE isikuridhishe kwake. Kama AABR haipo kwenu, mwandikie rufaa. Sindano za antibiotiki ya gentamaisini zilizozidi siku 5 nazo zihesabu kama hatari. Soma karatasi ya matibabu mwenyewe, kwani mama atakwambia tu kwamba alichomwa sindano.

Kuongea na mama kunataka uangalifu. Neno "amefeli" lisitoke kinywani. Sema: "Mama, sikio la kushoto halijajibu leo. Huenda bado lina uchafu wa kuzaliwa, ila lazima tulirudie." Usiseme "hamna neno" pia, maana akisikia hivyo harudi. Lengo ni mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, achunguzwe kikamilifu kabla ya miezi 3, na aanze huduma kabla ya miezi 6. Anayeishi karibu arudi baada ya wiki 2. Anayetoka mbali mfungie tarehe ya chanjo ya wiki 6, kwa sababu nauli hiyo ataitafuta kwa vyovyote.

Hapa ndipo watoto wengi hupotea, na rejista huchangia. Mtoto ameandikwa kwa jina la mama tu, kisha anarudi na jina lake mwenyewe na hakuna anayemtambua. Andika namba ya kadi, kijiji, na simu mbili, ya pili ikiwa ya mtu anayekaa naye. Pacha waandike wa kwanza na wa pili. Kwa Waganda majina yenyewe yanakusaidia, kwani Wasswa na Babirye ndio hutangulia, Kato na Nakato hufuata. Andika matokeo kwenye kadi ya mtoto, karibu na chanjo, ambapo nesi wa kliniki atayaona bila kuyatafuta.

Akipata REFER mara ya pili, mpeleke kwenye hospitali ya rufaa yenye kitengo cha masikio, pua na koo. Usimpe dawa ya matone aende nayo nyumbani. Wiki zinakwisha huku mama akingoja matone yafanye kazi.

Aliyepata PASS naye anaweza kupoteza usikivu baadaye, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa mfano, au kwa dawa kama kwinini. Mama mwambie kwamba mtoto wa miezi 6 hugeukia sauti asiyoiona inakotoka. Akija kusema mwanawe hasikii, mpime siku hiyohiyo, hata kama kadi inasema PASS.