Gari inapiga starta lakini haiwaki: nilivyobadili pampu ya mafuta nyumbani

Mkuu, umesema Corolla yako ya 2003 inapiga starta vizuri ila haiwaki, fundi kakwambia pampu ya mafuta imekufa, nawe unauliza kama kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Unaweza. Mimi ya kwangu nimeibadili uani, gari ni hiyohiyo yenye injini ya 1NZ. Ila usikimbilie dukani kwanza, maana nimeona watu wakinunua pampu wakati ugonjwa uko kwingine.

Yangu ilianza kidogokidogo. Asubuhi napiga starta, haiwaki, ya pili inawaka. Ndani ya pampu kuna valvu ndogo inayozuia mafuta yasirudi tangini gari ikizimwa. Ikichoka, presha inashuka usiku kucha, na starta ya kwanza inakuwa ya kujaza paipu tu. Nikapuuza. Baadaye nikiwa natoka Morogoro kwenda Iringa, katikati ya mlima Kitonga gari ikapoteza nguvu, nakanyaga haiendi, mwisho ikazima kwenye kona na malori yako nyuma yangu. Dereva mmoja wa lori akashuka, akachukua kipande cha ubao akawa anagongagonga tangi kwa chini huku mimi napiga starta. Ikawaka. Kugonga kule huamsha mota ambayo brashi zake zimekwisha. Kunakutoa mahali pa hatari, basi. Usikuchukulie kama tiba.

Naamini niliiua mwenyewe kwa mtindo wa kuweka mafuta ya elfu kumi, taa ya mafuta inawaka kila siku. Pampu inakaa ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Ukiishi na tangi karibu tupu, inachemka. Siku hizi sishuki chini ya robo.

Sasa kupima. Wengi watakwambia ufungue switchi usikilize pampu ivume kwa sekunde mbili. Kwenye Toyota nyingi za umri huu pampu haivumi ukifungua switchi tu. Inaanza unapopiga starta, na kompyuta huendelea kuipa umeme ikiona injini inazunguka. Kwa hiyo mtu mmoja apige starta, wewe uweke sikio kwenye siti ya nyuma. Ukisikia kimya, angalia fyuzi iliyoandikwa EFI, halafu rilei ya pampu (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha), ile iliyoandikwa C/OPN; ibadilishe kwa muda na nyingine inayofanana nayo kabisa, maumbo na miguu. Kisha ng'oa kiti cha nyuma, kile cha kukalia tu. Chini yake kuna kifuniko cha bati kilichobandikwa kwa gundi nyeusi, na chini ya kifuniko utaikuta soketi ya pampu. Ichomoe, weka testa, yaani taa ya kupimia umeme, kati ya nyaya mbili za pampu (zile nyingine ni za boya la geji ya mafuta), mwenzako apige starta. Testa ikiwaka na pampu ilikuwa kimya, pampu imekufa kweli. Isipowaka, pampu usiiguse. Tafuta waya uliokatika, sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka), au kifaa cha kufuatilia gari na alamu. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu mafundi wanaofunga vifaa hivyo mara nyingi hukata waya wa pampu na kuweka rilei yao katikati. Jirani yangu alibadilishiwa pampu mbili, kumbe rilei hiyo ndiyo ilikuwa imeungua.

Pampu ikiwa inavuma na gari bado haiwaki, pima presha kwa geji. Injini hii inataka kati ya psi 44 na 50, na dakika tano baada ya kuzima isiwe chini ya 21.

Kazi yenyewe ifanyie nje, mahali pa wazi. Nakuomba sana hapa unisikilize. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji usiyoyaona, na jiko la mkaa la upande wa pili wa ua linatosha kuuwasha. Siku ile nilimwomba mama watoto azime jiko kabisa, na watoto waende kwa shangazi yao. Kizima moto cha unga kiwe karibu, na mchanga kwenye ndoo. Maji yanausambaza moto wa petroli. Usitumie taa ya balbu ya waya, ikianguka ikapasuka imekuwa kiberiti. Na ukitaka kupunguza mafuta tangini, tumia pampu ya mkono. Kunyonya kwa mdomo na mpira, kama tulivyozoea kuona mitaani, ni hatari kubwa: petroli kidogo ikiingia kwenye mapafu inaweza kukulaza hospitali au kukuua.

Toa presha kwanza. Kama gari bado inawaka, chomoa soketi ya pampu injini ikiwa inaunguruma, iache izime yenyewe, piga starta tena kidogo. Fungua mfuniko wa tangi, kisha toa waya wa hasi wa betri.

Kabla ya kulegeza boliti hata moja, safisha. Barabara zetu za vumbi hujaza udongo mwingi juu ya tangi, na mimi sikujali. Nilipoinua pampu, vumbi likadondoka ndani, na baada ya wiki chache chujio jipya likaziba, nikarudia kazi yote. Brashi kwanza, kisha upepo wa pampu ya tairi, kisha kitambaa.

Kiungo cha paipu ya mafuta ni cha plastiki chenye klipu. Vuta klipu, sukuma kiungo kwa ndani kidogo, kizungushe kwa vidole, kitatoka. Plaizi iache pembeni. Plastiki ya miaka ishirini inavunjika kama biskuti, na ikivunjika unanunua pampu nzima na nyumba yake, yaani fremu inayoishikilia. Fungua boliti ndogo zilizopangwa kwa duara, inua polepole huku ukiinamisha ili mkono wa boya usipinde. Ukipinda, geji itakudanganya kila siku.

Huhitaji kubadili mkusanyiko wote. Mota ya pampu na chujio lake vinatosha, mradi uende dukani na ile ya zamani mkononi ulinganishe urefu, unene na soketi. Kimpira kigumu kinachounganisha pampu na nyumba yake kitakusumbua kuingia. Nilikilainisha kwa maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, nikifanyia mbali na tangi. Tazama pia vichwa vya nyaya ndani ya soketi: vikiwa vimeungua na kuwa vyeusi, vibadilishe, la sivyo pampu mpya nayo itakufa mapema. Na usiijaribu ikiwa kavu.

Oringi kubwa ya juu ya tangi (mpira wa duara unaozuia kuvuja) weka mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Kaza boliti kwa kupishanisha, kidogokidogo. Sukuma kiungo cha paipu mpaka usikie klipu, kisha kivute uhakikishe.

Rudisha betri, piga starta mara mbili tatu, yangu iliwaka ya tatu. Kiti usikirudishe bado. Acha injini iungurume huku unaangalia na kunusa, halafu nenda ukajaze tangi, kwa sababu oringi iliyokaa vibaya haivuji tangi likiwa robo, inavuja likijaa. Yangu nilizunguka nayo siku mbili bila kiti cha nyuma na bila abiria, nikinusa kila niliposimama.

Kwa wengine wanaosoma: Noah na Premio za D-4 (injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) zina pampu mbili, ya tangini na nyingine ya presha kubwa kwenye injini. Hiyo ya injini mwachieni fundi anayezijua.

Mkuu, kesho pima kwenye soketi kama nilivyoeleza, useme testa imewaka au haikuwaka, na kama gari ina kifaa cha kufuatilia. Kuanzia hapo nitakwambia ununue nini.